Sailensa ya Nini, Bana? Tudai Uwanja

Kila wiki lazima niipate hii meseji. Maneno hubadilika lakini swali ni lile lile: "Bro, nisaidie. Bastola gani ya point two-two ya bei nafuu, ya kufanyia mazoezi ya shabaha, inayoshika sailensa?" Wengine hunitumia hadi klipu. Jamaa yuko shambani kwake Texas, kofia kichwani, miwani ya njano, anaangusha makopo na bastola yalia tsk, tsk, tsk, kama mtu anayekusonya. Chini ameandika bei kwa dola. Kijana wa Mtopanga anazidisha kwa shilingi, anaona kumbe si mbali na bei ya simu kali, basi anakuja kwangu.

Leo nawajibu wote kwa mpigo, na sitajibu vile mnavyotaka.

Msimamo wangu ni huu: hiyo bastola kwa mazoezi si mbaya, tena ni nzuri sana. Swali ndilo bovu. Kijana wa Likoni, Kisauni au Changamwe akiuliza "ninunue bastola gani", anaezeka paa kabla ya kuchimba msingi. Tunachokosa sisi wa ng'ambo ya kisiwa si bastola ya bei nafuu. Tunakosa uwanja. Na yeyote anayekupigia debe la bastola na sailensa huku uwanja hakuna, anakuuzia jela. Ukiwa na bahati mbaya zaidi, anakuuzia kaburi.

Tulieni nieleze.

KWANZA TUIPE HAKI YAKE

Sitaki mtu aseme napinga nisichokijua. Risasi ya .22 ndiyo mwalimu wa shabaha duniani, na imekuwapo tangu karne ya 19. Ganda lake ni dogo, na kile kiwashio cha baruti kimepakwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, si katikati kama kwenye 9mm ya polisi. Ndiyo maana ni rahisi kuitengeneza na bei yake iko chini. Kule Marekani moja ni senti chache za dola, na ile ya 9mm huenda mara kadhaa yake. Mtu anayepiga 100 kila Jumamosi anaijua tofauti hiyo mfukoni.

Halafu haina teke. Hili ndilo kubwa. Anayeanza na bastola kubwa hujifunza uoga kabla ya kujifunza kulenga: anafumba macho, anakaza mkono, anavuta kifyatulio kama anayeng'oa jino, na risasi yenda zake. Na .22 mkono haushtuki, kwa hivyo kosa lako unaliona wazi na unalirekebisha.

Majina nayo nayajua, msidhani sijui. Ruger Mark IV: chuma kizito, mtutu uliokazwa usiosogea, unaifungua kuisafisha kwa kubonyeza kitufe kimoja. Browning Buck Mark, mshindani wake wa miaka mingi. Smith & Wesson Victory, ya ukoo huo huo. Halafu kuna zile nyepesi, Walther P22 na Taurus TX22, bei ya chini, zinafanana na bastola za kubeba kiunoni. Ukiniuliza ipi inamfundisha mtu kutoboa karatasi katikati, nitakwambia ile nzito yenye mtutu mrefu usiosogea, si ile nyepesi inayofanana na ya kwenye PUBG.

Umeona? Jibu limekaa kwenye sentensi moja. Na bado halikusaidii hata kidogo ukiwa umekaa Mlaleo.

HIYO SAILENSA NAYO

Kwa Kiswahili cha vitabu huitwa kiwambo cha sauti. Mtaani sailensa tunaijua ni ya boda, na hapa ndipo kichekesho kilipo. Vijana wale wale wanaotoa sailensa kwenye boda ili mlio usikike kutoka Bombolulu hadi Junda, ndio wanaoniuliza sailensa ya bastola. Pikipiki ipige kelele, bastola inyamaze. Hebu tuamue bana, tunataka nini?

Historia yake nayo ina vituko. Aliyeileta ni Hiram Percy Maxim wa Marekani, akapewa hataza 1909. Jina hilo Maxim walijua wapi? Babake, Hiram Maxim, ndiye aliyetengeneza bunduki ya Maxim, ile bunduki ya rasharasha ya kwanza, ambayo Wazungu waliitembeza Afrika nzima. Lugard alikwenda nayo Uganda 1890. Baba alitengeneza mlio wa kututawala, mwana akatengeneza cha kuuficha mlio. Familia moja hiyo.

Lakini filamu zimewadanganya. Mlio wa bastola ya .22 unakaribia desibeli 150. Mlio wa ghafla ukifika 140, sikio tayari laumia, na halirudi lilivyokuwa. Kiwambo hunasa ile hewa moto inayotoka mtutuni, kikaipoza na kuipunguza kasi, kikashusha kama desibeli 20 hadi 35. Kelele bado ipo. Tena risasi ikikimbia kuliko sauti, yaani zaidi ya mita 340 hivi kwa sekunde, inapasua hewa kwa mlio wake yenyewe, na kiwambo hakiwezi kuudaka huo kwa sababu risasi ishatoka. Ndiyo maana wale wa klipu hutumia risasi za mwendo wa chini. Hawakwambii hilo, wanakwambia bei tu.

Sasa niseme ukweli wote, hata ule usionipendeza. Kuna nchi ambako kiwambo ni kitu cha kawaida. Finland, Norway, New Zealand, mwindaji anakifunga kwenye bunduki yake ili asiharibu masikio yake na asisumbue jirani. Huko hakuna anayekushangaa. Si kifaa cha shetani. Ni chuma tu.

Ila hata Marekani yenyewe, nchi yenye bunduki nyingi kuliko watu, tangu 1934 kiwambo ni lazima kisajiliwe na serikali kuu, na kwa miaka mingi kilitozwa kodi ya dola 200. Mwaka 2026 ile kodi imeshushwa hadi sufuri, lakini kusajili kungali palepale. Yule jamaa wa Texas unayemuona anacheka na makopo yake, karatasi zake ziko mahali. Wewe zako ziko wapi?

HAPA NI KENYA, MWANANGU

Tuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Bila cheti kutoka Bodi ya Leseni za Silaha, hushiki bastola. Si ya 9mm, si ya .22, si ya nyanyako aliyokuachia urithi. Sheria haijui "hii ni ndogo tu" wala "hii ni ya mazoezi". Na kile kiwambo mnachokiita urembo, sheria inakihesabu ndani ya maana ya silaha yenyewe, manake kimeundwa kupunguza mlio au mmweko. Ukikutwa nacho peke yake, bila bastola, bado una kesi. Bunduki ya hewa nayo imo kwenye sheria hiyo hiyo, kwa hivyo wewe unayetaka kuiagiza mtandaoni ukidhani ni kitu cha watoto, mzigo wako utakusubiri forodhani pamoja na wenye maswali. Hata silaha bandia imetajwa mle: ukiitumia vibaya, utajibu kama mwenye ya kweli.

Na cheti hakitolewi kama laini ya simu. Bodi inakuuliza wewe ni nani, umewahi kushtakiwa, akili yako iko sawa, na kwa nini unaitaka. Hata walio nacho hawakai wakalala. Desemba 2018, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, raia wote wenye leseni waliambiwa warudi wakapigwe msasa upya. Watu wazito wenye pesa zao walipanga foleni. Sasa wewe wa miaka 19, kazi yako ni kushuti video na kuuza mitumba Kongowea, utawaambia unataka bastola ya kunyamaza ya kufanyia nini?

Najua wanachonong'ona wengine: "Kuna msee anajua msee." Sikiliza vizuri. Bastola inayouzwa gizani haiko sokoni kwa sababu mwenyewe amechoka nayo. Ina historia. Kila mtutu huacha mikwaruzo yake kwenye risasi, na DCI wana maabara ya kuisoma mikwaruzo hiyo. Ukiinunua, unanunua na kila alichofanya nayo mwenzako. Utakuwa umelipa pesa zako ili urithi kesi ya mauaji ya mtu usiyemjua hata jina.

MLIO NI SHAHIDI

Lakini hata tukiiweka sheria kando, kuna jambo jingine, na hili ndilo linaloniuma.

Huku kwetu bunduki si kitu cha klipu. Muulize mtu mzima yeyote wa Likoni kuhusu usiku wa tarehe 13 Agosti 1997. Wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi, wakabeba bunduki, kisha vurugu zikaenea hadi watu kwa maelfu wakakimbia nyumba zao, wengine wakajibana kwenye kanisa Katoliki la Likoni. Vita vya Kaya Bombo hivyo, si gemu. Machi 23, 2014, tena Likoni, watu wenye bunduki waliingia kanisani Jumapili ibada ikiendelea, wakawamiminia risasi waumini. Agosti 27, 2012, Sheikh Aboud Rogo alipigwa risasi garini kwenye barabara ya Malindi, mkewe akiwa naye. Aprili 1, 2014, Abubaker Shariff, Makaburi, akapigwa risasi nje ya mahakama ya Shanzu. Uwapende usiwapende, wote hao walikuwa watu, na mitaa ilisikia.

Ilisikia. Hilo neno lishike.

Mtaani kwetu mlio ni shahidi. Risasi ikilia Magongo saa saba usiku, watu wanaamka, mama anahesabu watoto, mtu anachungulia dirishani, na kesho yake kuna wa kusema "nilisikia tatu, halafu gari likaondoka". Mashirika ya haki kama Haki Africa na MUHURI yamekuwa yakikusanya maneno kama hayo kwa miaka, ya watu waliouawa na waliopotea pwani hii. Mengi yanaanza na mtu mmoja aliyesikia. Kifaa ambacho kule Finland kinalinda sikio la mwindaji, Kisauni kinamlinda anayekuja usiku. Chuma ni kile kile, lakini mahali si pale pale.

Ndiyo maana siwezi kuchekacheka na hizi video za vijana wenzangu wanaotafsiri klipu za Marekani neno kwa neno, wakaweka muziki wa singeli chini, wakaandika "bastola 5 bora za bei nafuu". Bora kwa nani? Nafuu wapi? Wanavuna watazamaji kwa kitu ambacho mtazamaji wao akikishika atalazwa kifudifudi. Nimeona kwa macho yangu kijana wa mtaa wetu, miaka 16, amelazwa mchangani na bunduki za kweli kisogoni kwa sababu ya bastola ya plastiki ya kuigizia. Aliachiwa. Mamake alikaa siku tatu hataki mwanawe atoke mlangoni. Kijana wa ng'ambo akionekana usiku na kitu cheusi chenye mtutu, hakuna atakayemuuliza kama ni Ruger ya mashindano.

BASI SHABAHA TUACHE? HAPANA

Hapa ndipo wazee wangu watanishangaa. Mimi nataka vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe wapige shabaha. Nataka sana.

Kulenga ni mchezo wa akili. Hauhitaji urefu wa mpira wa vikapu wala mapafu ya wale ndugu zetu wa Iten. Unataka utulivu. Simama vizuri, pumua, shusha pumzi nusu, linganisha macho na alama, bonyeza polepole bila kujua hasa ni saa ngapi itafyatuka. Kijana anayejifunza kutulia sekunde 8 kabla ya kubonyeza, amejifunza kitu kitakachomfaa hata akitukanwa kwenye matatu. Na sisi si wageni wa kulenga. Wazee wa Mijikenda walikuwa na upinde. Nani kati yetu hakuwa na manati akiwindia embe za watu?

Mwawakumbuka wale wa Paris 2024? Yule mzee wa Uturuki, Yusuf Dikeç, miaka 51, mkono mmoja mfukoni, tisheti, miwani ya kawaida, vizibo vidogo masikioni. Dunia nzima ilimgeuza mimu. Mliweka picha yake kwenye status zenu. Yeye na Şevval İlayda Tarhan waliondoka na fedha ya Olimpiki. Sasa niambieni, alikuwa ameshika nini? Bastola ya hewa. Ya mita 10. Haina baruti, haina sailensa, inatema kijirisasi cha milimita 4.5 kwenye karatasi. Mpiga shabaha maarufu zaidi wa kizazi chenu hakuhitaji hata hiyo .22 mnayonisumbulia.

Manu Bhaker wa India, kule kule Paris, miaka 22, medali mbili za shaba, zote bastola ya hewa mita 10. Umri wenu huo. Na sisi tuna wetu kwenye michezo ya kulenga: Shehzana Anwar, mlenga upinde, ndiye aliyebeba bendera ya Kenya ufunguzi wa Rio 2016. Mlenga shabaha, mbele ya wanariadha wote! Wangapi kati yenu mlijua?

Ukitaka kuona ugumu wa mchezo huu: pale mita 10, karatasi ni sentimita 17 kwa 17, na duara la alama 10 lina upana wa milimita 11.5. Dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Unapiga mara 60 kwa dakika 75, mkono mmoja, umesimama. Jaribu kushika chupa ya maji ya lita moja mkono ukiwa umenyooka kwa dakika moja tu, halafu uniambie kama tatizo lako ni bei ya bastola.

HESABU YA KWELI

Sasa tupige hesabu, manake neno mlilotumia ni "nafuu".

Kwa mlenga shabaha, bastola ni gharama ya mara moja. Kinachokumaliza ni kila siku: risasi, mahali pa kupigia, mwalimu, kabati la chuma la kufungia, leseni ya kuhuisha. Na mahali ndipo pabovu zaidi kwetu. Uwanja wa raia unaotajwa sana nchini ni ule wa Kirigiti, Kiambu. Kutoka Likoni upande feri, ufike Miritini, uchukue SGR ya shilingi 1,500 kiti cha kawaida, kurudi nyingine 1,500, bado hujala, hujalala, hujalipa uwanja, na hujapiga hata risasi moja. Ukifanya hivyo kila wiki mbili, mwaka mmoja nauli ya treni peke yake ni shilingi 78,000. Bastola nafuu iko wapi hapo?

Ndiyo maana mchezo huu Kenya umebaki wa wenye nacho. Si kwamba sisi hatuna macho. Ni kwamba hakuna aliyetuwekea karatasi mbele.

Na nafuu ya kweli inajulikana. Ni ya kuchangia. Chumba kimoja kirefu cha social hall, mita 10 za kupigia na nafasi ya kusimama nyuma. Ukuta wa mwisho unawekwa vikasha vya chuma vya kunasia virisasi. Bastola 4 au 5 za hewa, mali ya klabu, zimesajiliwa kwa jina la klabu, zinafungiwa kabatini, funguo kwa mwalimu mwenye cheti. Hakuna anayekwenda nayo nyumbani. Hakuna anayeipiga picha ya kutishia mtu. Unakuja, unasaini, unavaa miwani, unapiga 60, unasaini tena, unakwenda zako kula viazi karai. Silaha 5 zinafundisha vijana 100, na hakuna hata moja inayolala mtaani.

Kelele? Bunduki ya hewa haisumbui jirani. Na siku klabu ikikua hadi kufika .22, sauti inashughulikiwa na uwanja: kuta nene, dari la kunyonya mlio, kila mtu na vifunika masikio vyake. Mnaona? Ile kazi yote mliyotaka sailensa iwafanyie, uwanja unaifanya, tena kihalali, na bila kumnyamazishia mtu mwenye nia mbaya.

MASWALI YENU NAYAJUA

"Serikali haiwezi kuwapa vijana wa Kisauni bunduki." Hakuna anayeomba apewe. Naomba mlango, mwalimu na daftari la kusaini. Vijana waliotisha Kisauni hawakuhitaji klabu ya shabaha, walibeba mapanga. Panga halina leseni. Kijana anayekuja kila Jumamosi mahali anapojulikana jina, simu na mzazi wake, huyo ndiye usiyepaswa kumwogopa.

"Tuna shida kubwa kuliko mchezo wa Wazungu." Shida tunazo, maji ya mfereji ni moja, kazi ni mbili. Lakini mpira nao uliletwa na meli, na hakuna aliyeurudisha. Na mtu anayesema vijana wasubiri hadi shida ziishe ndipo wacheze, anasema wasicheze kabisa.

"Wewe ni mwoga, sisi twataka kujilinda." Sawa, tuongee kiume. Uliniandikia shabaha, sasa umeniambia kujilinda. Hayo ni mambo mawili. Anayetaka kujilinda na anataka pia isisikike, huyo hajilindi. Ukivamiwa, unataka jirani asikie.

Kwa hivyo haya ndiyo ninayoyadai, na natamani tuyadai pamoja. Kaunti ya Mombasa ifungue chumba kimoja cha mita 10 Likoni, kimoja Kisauni, kimoja Changamwe. Vianze hata na darts na upinde wakati karatasi za bunduki za hewa zinapita kwenye Bodi. Wenye vilabu vya Nairobi na Kiambu, mnaosema kila mara kwamba mchezo wenu si wa matajiri, teremkeni na mwalimu mmoja na vifaa vya kufundishia, mtuoneshe. Na wabunge wetu, mnaogawa jezi kila mwaka wa uchaguzi, jezi tunazo hadi za kupigia deki. Tupeni ukuta.

Na nyinyi wenzangu wenye kurasa, acheni kuwauzia wadogo zetu orodha za bastola. Watazamaji elfu 50 hawatakwenda kumtolea mtu dhamana Shimo la Tewa.

Wewe unayesubiri, usikae bure. Tafuta bodi ya darts, tundika uani, hesabu pointi zako kila siku kwa mwezi mzima na uziandike. Shika ile chupa ya maji. Jifunze kupumua. Siku mlango ukifunguliwa, utaingia ukiwa umeshatangulia wenye pesa.

Ukiniuliza tena ni two-two gani nafuu yenye sailensa, nitakutumia picha ya Yusuf Dikeç na mkono wake mfukoni. Halafu nitakuuliza swali moja: umeshamuuliza MCA wako uwanja uko wapi?